Mtegemezi Namba Nne

Walimwita Saa, na si kwa sababu alijali wakati. Alikuwa na valvu ya bandia moyoni, kilango cha kupitishia damu, na ukikaa naye kwenye chumba kimya ulimsikia: tik, tik, tik, kama saa ya mezani iliyofunikwa kwa kitambaa. Watoto walimwekea sikio mgongoni na kucheka. Yeye mwenyewe alisema afadhali, maana siku ikinyamaza hakutakuwa na haja ya watu kuulizana kulikoni.

Kabla ya hapo alikuwa mshonaji tu, binti wa mshonaji. Mama yake alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, na tangu binti alipomaliza masomo vyerehani vilikuwa viwili, vimetazamana: cha mama karibu na dirisha kwa ajili ya macho yake, cha binti karibu na mlango. Mama alikata, binti akaunga. Waliongea siku nzima bila kuinua vichwa, na mmoja akinyamaza mwingine alijua sindano imevunjika au uzi umekwisha.

Mwaka aliotimiza ishirini binti alianza kuishiwa pumzi. Kwanza ilikuwa kwenye ngazi, kisha kwenye kubeba ndoo, kisha hata akicheka. Siku moja asubuhi alianguka juu ya rundo la sketi za buluu, na mama alipomgeuza aliona midomo yake imefanana nazo kwa rangi.

Daktari hakuzunguka mbuyu. Homa fulani ya koo ya utotoni, ambayo hakuna aliyeikumbuka, ilikuwa imeutafuna moyo kidogo kidogo. Valvu mbili zimeharibika. Moja ilitakiwa kubadilishwa bila kuchelewa. Ya pili ilikuwa inavuja; ingeweza kuvumilia miaka mitatu, minne, lakini zamu yake nayo ingefika.

"Mna bima?" aliuliza.

Mama aliitazama mikono yake. "Baba yake anayo," alisema.

Ilikuwa miaka kumi tangu amtaje mtu huyo bila kulazimishwa.

Baba alikuwa fundi wa pampu katika mamlaka ya maji. Walipoachana binti alikuwa na miaka kumi, na sababu ilikuwa wazi kwa yeyote aliyemwona mama akitabasamu, kwa sababu jino moja la mbele halikuwepo. Binti yeye alikumbuka zaidi sauti: mlango ukibamizwa, kisha kimya, kisha bomba likifunguliwa mama anawe uso. Baada ya hapo baba aliacha pombe, akaoa mke mwingine, akazaa naye watoto wawili, akawa mtu wa kuaminiwa kazini. Watu walisema binadamu hubadilika. Mama hakubisha. Alisema tu kwamba jino halikurudi.

Katika ofisi ya bima walipokewa na mwanamke wa makamo aliyevaa miwani yenye mnyororo. Alikuwa na sauti ya upole na alisoma masharti polepole, kama mtu anayemsomea mgonjwa barua.

"Mtoto aliyezidi miaka kumi na minane anaruhusiwa hadi siku anapotimiza ishirini na tano. Masharti ni matatu. Awe hajaoa wala kuolewa. Asiwe na kazi ya kipato. Na awe anaishi katika kaya ya mwanachama."

"Kaya maana yake nini?" binti aliuliza.

"Paa moja, chungu kimoja. Unalala pale, unakula pale. Huwa tunakuja kuangalia."

"Mimi naishi na mama."

"Basi ingefaa mama awe mwanachama."

"Mimi nashona," mama alisema.

"Bima hii ni ya walioajiriwa, mama. Pole sana."

Alisema pole kwa dhati, na hilo ndilo lililowakata maini. Wangalipata mtu wa kumchukia wangalitoka pale na nguvu kidogo.

Fomu ya baba ilikuwa na nafasi nne za wategemezi. Mke alikuwa namba moja, watoto wawili wadogo namba mbili na tatu. Namba nne ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya risasi jina la mama mzazi wa yule mke, mwanamke mzee aliyevimba miguu. Baba alichukua kifutio, akalifuta, akapuliza vumbi. Mke wake alisimama mlangoni akitazama vumbi lile likianguka sakafuni.

Siku ya kuondoka, mama alimfungia binti nguo kwenye mfuko mmoja, makusudi, usiwe mwingi. "Hii si kuhama," alisema. "Chukulia umelazwa."

"Miaka minne, mama?"

"Wapo waliolazwa zaidi." Kisha akaingiza ndani ya mfuko mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, akautoa tena. Asiwe na kazi ya kipato. Aliuweka juu ya cherehani cha binti, akakifunika cherehani kwa shuka.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Saa aliamka na kovu la kushuka katikati ya kifua na mlio ule ambao ulimpa jina. Kila siku alimeza kidonge cha kuzuia damu isigande, na kila mwezi alipimwa damu: ikiwa nzito mno ingeziba kichwani, ikiwa nyepesi mno angejichoma na pini na kutokwa damu hadi jioni. Kadi ya bima ililipia vyote. Aliitunza ndani ya kitambaa, akakitia kitambaa kwenye mkoba, na mkoba hakuuachia hata akienda msalani.

Nyumba ya baba ilikuwa na vyumba vitatu. Saa alilala na wale watoto wawili, ambao walimzoea kwa siku mbili na kumpenda kwa wiki moja, na hilo lilikuwa jambo pekee lililokuja kwa urahisi. Baba hakujua aongee naye nini. Kila alipomkuta alimwuliza, "Umekula?" Alimwuliza hivyo asubuhi, alimwuliza hivyo jioni, na mara moja alimwuliza akiwa na kijiko mdomoni.

Kitu kimoja tu hakikuweza kufichika. Kila mlango ulipobamizwa na upepo, moyo wa Saa ulienda mbio, na kwa kuwa ulikuwa moyo wenye sauti, nyumba nzima iliusikia. Watoto walidhani ni mchezo. Baba, mara ya kwanza, alibaki na kikombe mkononi akiisikiliza hofu ya mwanawe ikigonga. Tangu siku ile alifunga milango kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayefunika chungu cha maziwa.

Mama mdogo, yaani yule mke, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyenyang'anywa. Alimpikia Saa chakula kisicho na chumvi nyingi kama daktari alivyoagiza, akampa blanketi zuri, kisha akikaa kupepeta nafaka husema, bila kumtazama mtu, "Mama yangu jana hakuweza kuvaa viatu." Saa alijibu, "Pole, mama mdogo." Yakaishia hapo, hadi safari nyingine.

Kulikuwa na kijana mmoja fundi wa mafriji, kutoka mtaa wa mama yake, aliyempenda tangu hajaitwa Saa. Alikuja nyumbani kwa baba wa Saa siku moja ya mapumziko, akiwa na shati lililopigwa pasi, akamwuliza Saa mwenyewe kwanza, nje, kando ya kamba ya nguo.

"Tukifunga ndoa leo," Saa alimwambia, "kesho asubuhi mimi si wa kaya hii. Na valvu ya pili bado."

"Basi tukae tu pamoja, bila ndoa."

"Pamoja wapi? Wanakuja kuangalia ninalala wapi."

Fundi alifikiri, maana alikuwa mtu wa kutafuta kasoro ilipo na kuitengeneza. "Nitangoja," alisema. Na alingoja kweli, miaka miwili, akija kila mwezi na kukaa barazani kama mgeni wa mzee. Mwaka wa tatu alikuja na mkoba wake wa kazi begani, hakuuteremsha. Alisema kwao wamemtafutia mtu. Alisema amechoka kula kwa macho. Saa alimwambia aende salama, hata yeye asingejingoja. Alipoingia ndani watoto walimwuliza mbona anagonga hivyo leo.

Lakini haya yote aliyabeba. Kila Jumamosi alikwenda kwa mama, mwendo wa saa mbili na mabasi mawili, akakaa karibu na mlango mbele ya cherehani kilichofunikwa, wakaongea kama zamani. Hakushona. Alishika tu kitambaa upande mmoja mama alipokuwa anakata, na kushika kitambaa, walikubaliana, si kazi ya kipato.

Alikuwa na miaka ishirini na minne na miezi mitatu mama alipopata kiharusi. Kilichukua upande wa kulia: mguu, mkono wa kukatia, na nusu ya ulimi. Jirani, mwanamke muuza mitumba, alimkuta sakafuni mkasi ukiwa bado vidoleni. Hospitali ya umma ilikaa naye siku tano ikamrudisha nyumbani, na ushauri kwamba anahitaji mtu wa kumgeuza, kumlisha na kumnyoosha viungo.

Saa hakuuliza mtu. Alichukua mfuko wake mmoja akaenda. Alimgeuza, akamlisha uji kwa kijiko kidogo, akamnyoosha vidole kimoja kimoja huku akivihesabu kwa sauti kama anayemfundisha mtoto. Mama alikuwa akimwambia kitu kile kile kila asubuhi kwa ule ulimi mzito, na siku ya tatu Saa akakielewa: "Rudi kwenu."

"Kwetu ni wapi, mama?"

Mama alifumba macho, chozi likatokea upande ule mzima peke yake.

Siku ya kumi, saa nne asubuhi, Saa alikuwa anamwogesha. Alikuwa amemkalisha kwenye kiti cha plastiki, mgongo umejaa povu, simu ikalia. Ilikuwa mama mdogo, anaongea kwa kunong'ona.

"Rudi sasa hivi. Yule mwanamke wa bima yuko barazani. Nimemwambia umekwenda kliniki. Amesema atakungoja."

"Mama mdogo, namwogesha mama."

"Najua. Nimevuruga kitanda chako kionekane kimelaliwa. Panda hata pikipiki. Baba yako nimempigia, anatoka kazini."

Saa alisimama na sabuni mkononi. Mara nyingi baadaye alijiuliza ingekuwaje kama angeiweka simu chini akamwagia mama yake maji, akamkausha, akamvika nguo. Ingechukua robo saa. Lakini kwa wakati ule alichokiona ni valvu ya pili. Upasuaji usio wa dharura, tofauti na ule wa kwanza, uliidhinishwa tu kwa mtegemezi aliyekaa kwenye kaya miezi kumi na miwili mfululizo bila kukatika tangu daktari alipoandika ombi, na ombi lake lilikuwa na miezi sita. Ukikatika, hesabu inaanza upya, na yeye hakuwa tena na miezi kumi na miwili ya kuanza upya kabla ya kutimiza ishirini na tano.

Alimwita jirani. Akamwacha mama kwenye kiti, povu mgongoni, akitazama ukuta.

Alipofika kwa baba, mwanamke wa bima alikuwa amekunywa chai na amefunga daftari. Baba alikuwa amekaa pembeni yake na ovaroli la kazi, grisi mikononi. Mlio wa Saa ulijaza baraza, haraka haraka, na kila mtu akajifanya hausikii.

"Mikono ya gauni imelowa," mwanamke wa bima alisema.

"Nilikuwa nafua."

"Kliniki?"

Saa aliikunja mikono ile ya gauni. Mwanamke yule alivua miwani ikaning'inia kifuani. "Tumepigiwa simu ofisini," alisema. "Sisemi ni nani. Wamesema huishi hapa tena. Mimi nimeangalia, nimeona kitanda, nimeona nguo chache." Akageukia baba. "Mzee, wewe ni mwanachama. Naandika utakachosema. Analala hapa?"

Baba alijikuna kiganja. Katika idara yake mwenzake mmoja alikuwa amefukuzwa kazi mwaka uliopita kwa kumwandikisha mpwa kama mwana. Saa alijua hilo, na alijua pia kwamba baba yake alikuwa ameacha uongo siku ile ile alipoacha pombe, akavichukulia kuwa ugonjwa mmoja.

"Analala hapa," baba alisema.

Mwanamke wa bima aliandika. Alipokuwa anatoka alimvuta Saa kando, akamwambia polepole, "Mimi nina mama pia. Lakini anayekuja baada yangu simjui, na safari ijayo huenda nisitumwe mimi. Usiniweke pabaya."

Geti lilipofungwa baba alisema neno refu kuliko yote aliyowahi kumwambia.

"Nimesema uongo kwa ajili yako, na nikiulizwa tena nitasema tena, wakinifukuza wanifukuze. Lakini wakinifukuza hii kadi inakufa, na wewe, na hawa wadogo, wote hamna kitu. Hutalala kule tena mpaka upasuliwe. Si mimi ninayekukataza. Ungekuwa mimi ungenikataza vilevile."

"Basi mama aje hapa."

Ni mama mdogo aliyejibu, kutoka mlangoni. "Mimi nisingekataa," alisema. "Kamwulize mwenyewe."

Saa alimwuliza. Mama, aliyekuwa ameshindwa kusema maneno mengi kwa wiki mbili, hili alilitamka lote: "Nyumba ile, hapana." Kisha, kwa juhudi iliyomtoa jasho, akaongeza: "Jumapili."

Walielewana. Jumapili wakaguzi hawafanyi kazi. Saa angekuja Jumapili.

Kwa hiyo siku sita za wiki jirani muuza mitumba alimwangalia mama kwa kuchomoka sokoni mara mbili, asubuhi na mchana, na siku sita za wiki Saa alikaa kwenye nyumba ya baba yake akihakikisha anaonekana. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake: kuonekana. Alianika nguo zake upande wa barabarani. Alikaa barazani akichambua mboga ambazo zilikwisha kuchambuliwa. Mikono yake iliyojua kugeuza mgonjwa, kushona, kuogesha mtu bila kumwumiza, ilikaa mapajani. Na hakuna mkaguzi aliyekuja. Wiki ya kwanza hakuja, wiki ya tatu hakuja, wiki ya tano hakuja.

Kila Jumapili alimkuta mama amepungua. Kidonda kilitokea nyongani kwa kulala upande mmoja. Jirani alijitahidi, lakini alikuwa na meza ya kuuza na watoto wa kulisha. Saa alikisafisha kuanzia asubuhi, akamgeuza kila saa, na jioni akaondoka akijua kwamba kazi yote ya siku ile ingeharibika kufikia Jumatano.

Mama alikufa siku ya Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi, wiki ya saba. Saa alikuwa barazani anachambua maharage. Jirani alipopiga simu alisikiliza, akasema "Ahsante," akamalizia yale maharage yaliyokuwa kwenye ungo, kisha ndipo akaanguka.

Mwanamke wa bima mwenyewe ndiye aliyempigia baba kumpa pole na kumwarifu kwamba masharti yanaruhusu mtegemezi kukaa nje ya kaya siku saba kwa ajili ya msiba wa mzazi. Baba aliupeleka ujumbe ule kwa binti yake bila kujua alichokuwa amebeba. Saa alimtazama.

"Siku saba," alisema.

"Ndiyo. Hazikatizi hesabu."

"Kumwuguza, hakuna hata siku moja. Kumzika, saba."

Baba alikwenda mazikoni, akasimama nyuma ya watu wote, na hakuna aliyemfukuza.

Miezi kumi na miwili mfululizo ilitimia. Idhini ya upasuaji ikatoka, na mhuri, na sahihi mbili. Saa aliipeleka hospitali ya moyo, ambayo ilikuwa moja tu, na mpangaji wa zamu akafungua kitabu, akapekua kurasa nyingi, akaandika tarehe. Saa aliitazama ile tarehe. Ilikuwa wiki tano baada ya siku yake ya kuzaliwa.

"Hakuna ya mapema?"

"Kuna watoto wachanga kwenye orodha hii," mpangaji alisema. Akamgeuzia kitabu aone mwenyewe, na Saa akaona.

Safari ya mwisho ya ofisi ya bima alikwenda na baba. Mzee alikuwa amevaa koti. Mbele ya kaunta alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, na Saa, ambaye hakuwahi kumwona akimwomba mtu kitu, alitamani aivae tena.

"Dada yangu," baba alisema, "ni wiki tano. Miaka minne amekaa. Sheria zote amezifuata. Wewe mwenyewe ni shahidi."

"Ni kweli, mzee."

"Idhini mmetoa wenyewe."

"Idhini ni ya mtegemezi. Siku akitimiza ishirini na tano mashine inamwondoa yenyewe. Hata mimi siwezi kuizuia, sina hicho kitufe." Alivua miwani. "Nimeandika barua juu, mara mbili. Nimejibiwa kwamba wakianza na mmoja hawatajua waishie wapi."

"Na mimi nitajua niishie wapi?" Saa aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua kweli, na mwanamke yule akapanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika.

Nje, baba hakuelekea kituoni. Alisimama kwenye kivuli cha ukuta, kofia bado mkononi.

"Unaweza kukaa," alisema. "Kwangu. Si kwa ajili ya kadi. Kadi si inakwisha. Kaa tu."

Saa alimtazama mzee yule aliyejifundisha kufunga milango upya. Alijua anamaanisha. Lakini katika ile miaka minne hakuna siku hata moja aliyokaa kwenye nyumba ile kwa kutaka, na sasa hakuweza kujua kama ingewezekana kutaka. Na kila alipofikiria kitanda chake kule, alimwona mama kwenye kiti cha plastiki.

"Umenifanyia wema, baba," alisema. "Lakini hapana."

Wiki ile ile mama mdogo alimwomba baba ajaze nafasi iliyokuwa inabaki wazi. Aliomba kwa aibu, uso chini, na Saa ndiye aliyemwambia baba aandike, na aandike kwa wino. Miguu ya mama yake mama mdogo ilikuwa imengoja miaka minne. Nafasi ilikuwa moja tu.

Alihamia chumba cha mama siku mbili baada ya kutimiza ishirini na tano. Sasa hakukuwa na sheria yoyote duniani ya kumpangia alale wapi. Alifunua cherehani, akakitia mafuta, akasogeza kiti karibu na dirisha. Jirani alimletea oda ya kwanza, sketi kumi na mbili za shule. Vidonge alikuwa navyo vya miezi miwili, zawadi ya siri ya nesi wa kliniki. Vipimo vya damu hakuwa navyo, kwa hiyo alimeza kwa kukisia, akiangalia kama ufizi unatoka damu. Hospitali ya moyo ilimfuta kwenye kitabu, ikamweka mtoto.

Sketi ya tatu ilimshinda. Alilaza kichwa juu ya mkono wa cherehani angoje pumzi irudi, na pumzi ilirudi nusu tu, kama siku zote sasa. Jirani alimkuta hivyo, akaketi kwenye kitanda.

"Pumzika, mwanangu."

"Napumzika." Alibaki ameinamisha kichwa. Kwa miezi kadhaa alikuwa na swali ambalo hakuthubutu kuliuliza, na sasa alikuwa amechoka kiasi cha kutoogopa jibu. "Asubuhi ile, alisema kitu?"

Jirani alinyoosha shuka ambayo haikukunjamana.

"Alikuulizia wewe," alisema. "Alidhani unakuja. Nikamwambia leo ni Jumanne."

"Akasemaje?"

"Akasema basi, atangoja."

Nje mtu alikuwa akiuliza kama sketi ziko tayari. Saa aliinua kichwa, akavuta kitambaa, akakanyaga cherehani.